David Kinjah, Mkenya aliyegeuza baiskeli kuwa ajira

Kutoka Isiolo hadi Mombasa, kwa wengi baiskeli ni chombo cha kubebea mitungi ya maji na mizigo ya sokoni. David Kinjah aliifanya ajira. Mkenya huyu mwenye rasta ameiwakilisha nchi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 2002 alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, Index-Alexia, wakati Waafrika weusi walikuwa nadra katika timu za Ulaya.

Nyumbani anajulikana zaidi kwa ualimu. Kijijini Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, huwafunza vijana wa kikundi chake, Safari Simbaz, kuendesha baiskeli na kuzitengeneza. Mwanafunzi wake mmoja, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Ushindi wote huo ulihesabiwa kwa Uingereza, kwani alikuwa ameacha kuiwakilisha Kenya mwaka 2008.

Kipaji kililelewa hapa, sifa zikaenda kwingine. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kinjah amecheza kwao miaka mingi. Deni la kumtunza bado tunalo.