Risasi ya .450: Jinsi ganda lililotumika linavyorejeshwa kazini

RISASI ya .450 Nitro Express ilizinduliwa mwaka wa 1898 na John Rigby, fundi mashuhuri wa bunduki jijini London. Ilikusudiwa wanyama wakubwa kama ndovu na nyati, na ilitumia kodaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi, badala ya baruti nyeusi ya zamani. Wawindaji wa kizungu waliitumia Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, lakini bunduki hizo zingali mikononi mwa wakusanyaji na wawindaji katika mataifa mengine.

Neno risasi, ambalo kwa asili ni jina la madini laini ya kijivu, limebebeshwa mzigo mkubwa: hutajia kitu kizima kinachotiwa bundukini na pia kile kichwa kinachoruka. Hapa linamaanisha kitu kizima, chenye sehemu nne, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Bunduki ikilia, ni ganda pekee linalosalia.

Ganda hilo ndilo lililoadimika. Serikali ya Uingereza ilipozuia bunduki za .450 nchini India na Sudan mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hofu kwamba waasi wangepata risasi za kulisha bunduki zao za Martini-Henry, mafundi waligeukia ukubwa mwingine kama .465 na .470. Kisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kilikuwa kimeacha kutengeneza risasi za aina hii. Bunduki ya thamani kubwa ikabaki gongo la chuma.

Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, takribani asilimia 70, na zinki. Baruti inapolipuka, ganda hutanuka na kugandamana na kuta za chemba, kisha hunywea kidogo. Anayelijaza upya hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu ili lirudie kimo chake. Kutanuka na kubanwa mara kwa mara huifanya shaba iwe ngumu na kupasuka mdomoni. Dawa yake ni kuupasha moto mdomo huo ili ulainike. Kitako hakipaswi kuguswa na moto huo kamwe, kwani kikilainika kitashindwa kuuzuia mlipuko, na gesi kali itamrudia mpigaji usoni.

Maganda ya kale ya Kynoch yana taabu nyingine. Fataki zake ni za mtindo wa Berdan, ambapo ganda lina matundu mawili madogo badala ya moja la katikati, hivyo fataki iliyotumika haisukumwi nje kwa sindano kama ilivyo katika mtindo wa Boxer. Aidha, fataki za zamani zenye zebaki huidhoofisha shaba. Ganda la namna hiyo laweza kung'aa na bado likakatika. Ndiyo maana fundi makini huchukua waya uliopindwa ncha na kupapasa ndani, juu kidogo ya kitako, akitafuta mfuo unaotangulia ufa.

Hata ganda likiwa zima, kazi haijakwisha. Nyingi ya bunduki hizi zina mitutu miwili, iliyounganishwa kwa mkono na kujaribiwa hadi yote ilenge mahali pamoja. Ulinganifu huo ulipimwa kwa kichwa cha gramu 31 chenye kasi ya takribani mita 655 kwa sekunde. Kasi ikipungua au kuzidi, mitutu hutengana shabaha, jambo zito kwa aliye hatua chache kutoka kwa nyati aliyejeruhiwa. Mjazaji hupima kasi kwa mtambo, si kwa kubahatisha.

Jina la Kynoch lilifufuliwa katika miaka ya 1990, na risasi mpya hupatikana, ila kwa bei ghali. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mtu awe na cheti hata cha kumiliki risasi zenyewe.

Hatari kubwa zaidi imo katika sura. Kabla ya 1898 palikuwa na risasi ya baruti nyeusi yenye ganda la urefu uo huo, milimita 82.5, na risasi ya kodaiti huweza kuingia katika bunduki yake bila kizuizi. Mitutu hiyo haikuundwa kwa nguvu kama hizo. Anayeshika bunduki ya .450 asiyoijua humpelekea kwanza fundi asome mihuri ya majaribio iliyopigwa mitutuni.