Kipokezi cha Kiini na Kiamilishi Mwenza

Mgonjwa wa Mbwawa, Kibaha, anayemeza dolutegravir kufubaza VVU, akianza dozi ya TB huongezewa kidonge. Badala ya miligramu 50 mara moja kwa siku, humeza 50 asubuhi na 50 jioni. Si kwamba virusi vimezidi. Sababu iko kwenye seli za ini, katika protini za aina mbili zinazohitaji majina ya Kiswahili.

Ya kwanza tuiite kipokezi cha kiini. Tukisema “cha nyuklia” msomaji atawaza mabomu. Kiini hapa ni kiini cha seli, chenye DNA. Hata hivyo jina halisemi yote, kwani baadhi ya vipokezi hivi, kama cha kotisoli, hungojea nje ya kiini mpaka homoni ifike. Binadamu anavyo vya aina 48. Kimoja hupokea estrojeni, kingine vitamini D. Kiitwacho PXR, kilichotambuliwa mwaka 1998, hupokea vitu vya kigeni, ikiwamo rifampisini, ile dawa ya TB inayogeuza rangi ya mkojo.

Rifampisini ikinasa, PXR hubadili umbo na kuacha wazi mahali pa kushikia. Hapo hujishikiza protini ya pili, kiamilishi mwenza. “Kichocheo” kisingefaa, kemia imeshakichukua. Cha kwanza kuelezwa, SRC-1, kilitoka maabara ya Bert O’Malley, Houston, mwaka 1995. Mwenza huyu hajishikizi mwenyewe kwenye DNA. Huitwa na kipokezi. Kazi yake, pamoja na wenzake, ni kubandika asetili kwenye histoni, protini zilizoviringiwa DNA. Mviringo hulegea, jeni ikanakiliwa. Bila yeye, kipokezi hukaa juu ya jeni na jeni isiamke ipasavyo. Kwa hiyo naliona neno “mwenza” kuwa na uzito zaidi kuliko “kiamilishi”.

Jeni zinazoamshwa na PXR ni za vimeng’enya vya kuvunja dawa, kama CYP3A4. Ini likishaamshwa halibagui: huvunja dolutegravir, na pia homoni za vidonge vya majira na za vijiti. Mama mwenye kijiti anayeanza dozi ya TB amwambie mhudumu mapema, maana kinga yake ya mimba hupungua.

Rifampisini ikiisha, vimeng’enya vilivyokwisha kutengenezwa haviondoki siku hiyohiyo. Ndiyo maana kidonge cha jioni huendelea kwa wiki 2 baada ya dozi ya TB kukamilika.