Tansio ya mimba: mama akijifungua, figo zake bado zinahitaji kuchungwa



Mama akijifungua salama baada ya tansio kupanda, tunaimba, tunatoa sadaka ya shukrani, na tunahesabu kwamba mambo yamekwisha. Kwa figo zake, bado.

Ugonjwa huo unaitwa pre-eklampsia. Unakuja baada ya wiki 20 za mimba, na pengine baada ya kuzaa. Tansio inafika 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini inaonekana katika mkojo, kwa sababu vichujio vidogo vya figo vimeumia. Ukizidi, unaleta kifafa cha mimba, ambacho si pepo: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wamama wengi figo zinapona ndani ya miezi 3. Kwa wengine zinaharibika polepole, miaka mingi, bila maumivu. Uchunguzi wa Norway uliotangazwa mwaka 2008, juu ya wanawake zaidi ya 570,000, ulionyesha kwamba waliougua hivyo katika mimba ya kwanza walikuwa na hatari karibu mara 5 ya figo kushindwa kabisa. Wengi wao hawakufika huko. Lakini kusafisha damu kwa mashine ni bei kubwa kwetu. Kupima mapema ni bei ndogo.

Basi, mama wa Katuba, Ruashi au Kampemba afanye hivi:

- Atunze fishi yake ya CPN na kuieleza kwa kila daktari.
- Apime tansio na mkojo miezi 3 baada ya kuzaa. Protini ikibaki, aonane na daktari wa figo.
- Kisha apime kila mwaka, hata akijisikia mzima.
- Apunguze chumvi na makayabo, na asinywe dawa za maumivu ovyo.
- Akitaka mimba tena, amwone daktari kwanza: dawa nyingine za tansio zinadhuru mtoto tumboni, na zipo dawa za kuzuia ugonjwa usirudi.

Nasi wachungaji tuna kazi. Yule mama wa Marko 5 aliumwa miaka 12, na umati ulimpita bila kujua, Yesu alisimama. Tunapomwombea mama, tumuulize pia: umepima lini?