Njia ya Fedha Kuvuka Mpaka

Siku hizi mtu wa Arusha aweza kumwuzia batiki mteja wa Nairobi au Kampala bila wawili hao kuonana. Mali huonyeshwa kwa picha katika intaneti, bei hukubaliwa kwa simu, na kifurushi hupanda basi kupitia Namanga. Mtazamaji wa juu juu atadhani kwamba jambo zito hapo ni kifurushi. Aliyeifanya biashara hiyo anajua kwamba kifurushi hufika. Kazi ni kuirudisha fedha. Na ugumu huo haukuletwa na mito wala milima, bali ulitengenezwa na maamuzi ya serikali, nao kwa miaka mingi umekuwa ukitenguliwa kidogo kidogo.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na makao yake yakawa London. Kuanzia 1921 shilingi yake ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga 1936. Mchuuzi wa Moshi aliyeuza Mombasa alirudi na noti ile ile aliyoondoka nayo. Hatuna sababu ya kuusifu utaratibu huo kupita kiasi, maana ulikuwa wa mkoloni na ulitumikia mahitaji yake. Lakini malipo hayakuwa na mpaka.

Juni 1965 nchi tatu zilitangaza kwamba kila moja itaanzisha benki kuu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa Juni 1966. Nchi huru isiyokuwa na sauti juu ya fedha yake haiwezi kupanga uchumi wake, kwa hiyo hatua hiyo ilikuwa ya haki. Tena mwanzoni haikumwumiza mfanyabiashara mdogo, kwa sababu shilingi tatu mpya zilibadilishana moja kwa moja. Kilichomwumiza kilikuja baadaye. Kuanzia 1970 na 1971 udhibiti wa fedha za kigeni, uliokusudiwa kwa nchi za mbali, uliwekwa pia baina ya majirani. Shilingi ya jirani ikawa fedha ya kigeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huo huo, usifunguliwe hadi Novemba 1983.

Hapo ndipo historia hii inapowagusa askari. Biashara baina ya ndugu wa pande mbili za mpaka haikufa, ilihamia porini. Mwenye mahindi au sabuni aliyekosa njia halali ya kulipwa alilipwa gizani, noti zikiwa zimeshonwa ndani ya nguo. Mlanguzi mkubwa na mama aliyekuwa akitafuta ada ya shule wakapita njia moja, na askari wa doria hakuwa na hati yoyote ya kumsaidia kuwatenganisha. Tanzania ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, ugumu huo ulionekana wazi.

Wakati huo huo dawa nyingine ilikuwa ikitayarishwa. Mkataba wa Eneo la Biashara Nafuu la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ulitiwa saini Lusaka Desemba 1981, na mwaka 1984 nyumba ya kulipana madeni ikaanza kazi Harare. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Benki kuu ziliandikiana madeni ya wafanyabiashara wao, na mwisho wa kipindi cha mahesabu ni tofauti tu iliyolipwa kwa dola. Ilisaidia kampuni na mashirika ya umma. Mchuuzi wa kanga hakuiona.

Yeye alifunguliwa mlango kwa hatua nyingine. Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1992, na Kenya ikafuta sheria yake ya udhibiti mwaka 1995. Machi 2007 huduma ya M-Pesa ikaanza Kenya, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mwaka 2014 wateja wa Tigo waliweza kutuma fedha baina ya Tanzania na Rwanda, fedha ikibadilishwa njiani. Mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zikaunganishwa. Kwa malipo makubwa, benki kuu za Jumuiya mpya zilianzisha mfumo wa pamoja mwaka 2013, ili deni la Nairobi lilipwe Dar es Salaam kwa shilingi za kanda, bila kuzunguka kwanza kwa dola katika benki ya New York. Ajabu ni kwamba mzunguko huo ulivumiliwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Njia hizi zina mlango, na mlango una masharti. Muuzaji anayetaka akaunti ya biashara huombwa cheti cha jina la biashara, namba ya mlipa kodi na kitambulisho. Jina la akaunti lisipolingana na lile lililo katika hati, malipo ya mteja wa nje huweza kuzuiwa. Wengi hulalamikia makaratasi haya, lakini kwa askari wa Namanga, Sirari au Mutukula makaratasi hayo ndiyo yaliyokosekana katika miaka ile ya magendo: kifurushi kina stakabadhi, malipo yana namba, na namba ina mwenyewe.

Lililobaki ni gharama. Kila shilingi inapobadilishwa kuwa nyingine, mbadilishaji hukata chake, na katika kitenge kimoja makato hayo huonekana. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Novemba 2013, sarafu moja ikitarajiwa mwaka 2024. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi 2031. Hadi hapo muuzaji wetu wa Arusha ataandika bei mbili chini ya picha moja, na kila asubuhi kuzikagua upya kabla ya kumjibu mteja.