Viungo vya kukoleza mchuzi: Chumvi hujificha humo

Katika nyumba nyingi nchini, mchuzi hauhesabiwi kuwa umeiva hadi mpishi atie kijiko cha unga wa viungo au avunjie kidonge kimoja sufuriani. Wanaovishutumu viungo hivyo aghalabu huilaumu glutameti ya sodiamu, kikoleza ladha maarufu. Lawama hiyo imekosea mlango.

Mnamo 1908, mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alibaini kuwa glutameti ndiyo inayoipa supu ya mwani ladha yake nzito. Nyanya mbivu na uyoga pia zinayo kiasili. Isitoshe, kikoleza hicho kina sodiamu takribani asilimia 12, ilhali chumvi ya mezani ina asilimia 39.

Jambo la kutazamwa ni chumvi yenyewe. Kwenye pakiti, viambato huorodheshwa kwa kufuata wingi wake, na mara nyingi chumvi ndiyo hutangulia. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro kidogo ya kijiko cha chai. Mpishi aliyekwisha kuitia nyama chumvi, kisha akaongeza kidonge, ameitia mara mbili, na mwenye shinikizo la damu aliyeketi mezani hana habari.

Afadhali kiungo kitangulie, tena nusu ya kipimo, mchuzi uonjwe, ndipo chumvi ifikiriwe. Kitunguu kilichokaangwa taratibu hadi kikawa hudhurungi, nyanya zilizopondeka kabisa na dania ya mwisho mwisho huenda zikakifanya kidonge kisihitajike.