Neno Juu ya Kifungashio

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Umo pia katika vyombo vya kila siku, na miongoni mwa hivyo vimo vile vya kubebea na kufungia bidhaa. Pakacha la makuti, kikapu cha ukindu na jani la mgomba vilikuwa vifungashio vya wazee wetu muda mrefu kabla ya viwanda. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi kifungashio kilivyopewa maneno, na kuuliza ni lini maneno hayo huizindua jamii na ni lini hubaki pambo tu. Mfano wetu mkubwa tutauchukua wilayani Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi ulio ndani ya wilaya hiyo.

Desturi ya kuiandikia bidhaa neno ni ya siku nyingi katika pwani yetu, na kanga ndiyo shahidi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zilitambulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Jina lilikuwa fupi, na mnunuzi alilichagua mwenyewe kwa kuwa alikuwa na mtu wa kumwambia.

Uwezo huo wa nguo haukusahauliwa baada ya Uhuru. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vilipigwa chapa vitambaa vyenye alama za kampeni. Watu wapatao 2,000,000 walijiunga katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni na kujadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Hapo yafaa mwanafunzi atue kidogo. Kitambaa peke yake kisingechimba choo hata kimoja. Kilifaa kwa sababu kilimkumbusha mvaaji kazi aliyokwisha kuielewa na ambayo mikono yake iliiweza.

Sasa na tuelekee Kilosa. Mmea wa mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa, Tanga kwanza, na hatimaye Kilosa, ambako jina la Kimamba halitengani na mkonge. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapo na kuzichukua singa hadi bandarini. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani, na hakuna taifa lililotupita. Kamba na magunia ya katani vilifunga mazao duniani kote.

Lakini nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, bei ya katani ilianguka. Mashamba mengi yaligeuka vichaka, na wafanyakazi waliokuwa wameacha makwao kwa ajili ya mkonge wakabaki bila ujira. Plastiki iliyomnyang'anya mkata mkonge kazi yake ndiyo hiyo hiyo iliyorudi kijijini kwake kama mfuko mwepesi wa dukani. Watu wakauita mfuko huo "rambo", jina la yule mpiganaji wa filamu za Marekani za miaka ya 1980. Jina hilo lilipita kila soko na kila jiko bila kampeni wala mwalimu. Anayedharau nguvu ya picha na jina juu ya mfuko na akumbuke jambo hilo.

Madhara ya mfuko huo yalionekana wazi Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia inaikata kwa kilomita zipatazo 50. Abiria hula safarini, na kitupwacho dirishani huangukia malisho ya wanyama. Nyani wamezoea kuja ukingoni mwa barabara kutafuta makombo. Na mnyama hajui kutenganisha chakula na kilichokifunga.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sokoni ikaingia "mifuko mbadala", mingine ikiwa imeandikwa maneno mazuri ya kuhifadhi mazingira. Hata hivyo, mingi kati ya hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki. Mfuko wa namna hiyo ukirudiwa mara nyingi unafaa. Ukitupwa baada ya safari moja, maandishi yake yanakuwa shahidi dhidi yake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo fundisho letu. Neno la kifungashio lina nguvu linapokubaliana na kitu chenyewe, tena linapomwonyesha mtu tendo analoliweza. Pakiti ya chumvi inayotaja madini joto inamsaidia mama kujikinga yeye na wanawe na tezi la shingo, kwani kinga imo ndani ya pakiti. Pakiti ya sigara, ambayo sheria ya mwaka 2003 inaitaka ibebe onyo, humwambia mtu ajihadhari na kile kile alichouziwa. Onyo ni haki ya mnunuzi, lakini neno hilo lina kazi ngumu, maana linashindana na bidhaa yake.

Basi mwalimu wa Kilosa au wa kwingineko akiwapa wanafunzi zoezi la kubuni mfuko wa mchele au wa vitunguu, na awaulize maswali matatu. Mfuko huu utakwenda wapi baada ya kumwagwa kilichomo? Neno lake linamtaka msomaji atende nini leo, kwa uwezo alio nao? Na muuza vitunguu wa kando ya barabara ataumudu kwa bei gani? Swali la mwisho lisipuuzwe. Mfuko wa katani ni ghali kuliko wa plastiki, na hatutendi haki tukimtwika mchuuzi peke yake gharama ya kuyalinda malisho ya Mikumi. Mfuko unaorudishwa dukani na kutumiwa tena, kama gunia lilivyotumiwa zamani, hupunguza mzigo huo.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nchi iliyowahi kuufungia ulimwengu mazao yake kwa katani haikosi nyenzo wala akili ya kubuni mfuko ulio mwema tangu uzi wake hadi maandishi yake. Mkonge bado unaota Kilosa.