Watu wa Geita walikataa nini mwaka 1958?

Kaa asubuhi moja mwaloni Nkome wakati dagaa wanaanikwa, uhesabu lugha. Kisukuma kitakujaa masikioni kwanza. Halafu utasikia Kizinza, Kikerewe, Kijita, Kiha, na Kiswahili kikiwapatanisha wote kwenye bei. Hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana nilipojua kwamba Geita ilitikisika mwaka 1958 kwa kupinga baraza la "mseto", nilibaki na swali. Mseto tunaoujua ni mchele na choroko kwenye sufuria moja. Sasa watu waliozoea kuchanganyika hivi walikataa nini?

Nchi hii kwa asili ni Uzinza. Wasukuma walivuka kutoka mashariki wakitafuta ardhi ya pamba na malisho, na serikali ya kikoloni nayo ikawasukuma. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, ulitaka kupunguza watu na ng'ombe kule kulikojaa na kufungua mapori ya huku yaliyokuwa na mbung'o. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ulivuta vibarua. Mgeni alikwenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akaonyeshwa pa kulima, akalipa kodi, basi. Watoto wake wakawa wa hapo. Wazinza wenyewe wakajikuta wachache kwao, jambo ambalo hatulisemi sana na nadhani tungelisema.

Serikali ya Gavana Twining ilikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kwayo kulikuwa na makundi matatu tu: Waafrika, Waasia na Wazungu. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 30 wasio wa serikali, 10 kwa kila kundi. Hebu chukua kalamu. Sensa ya 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 8.6 na Wazungu kama 20,600. Maana yake mjumbe mmoja wa Kizungu alisimamia watu 2,000 hivi, na mjumbe mmoja wa Kiafrika watu zaidi ya 860,000. Hii ikaitwa usawa!

Siasa hiyo hiyo ikashushwa wilayani. Geita ikawekewa baraza la mseto, lenye viti vya Waasia na Wazungu, mahali ambapo Wazungu walihesabika kwa urahisi. Wakulima walikuwa tayari wamechoshwa na amri za kulima matuta na kupunguza ng'ombe, na wengi walikuwa na kinyongo na mizani ya wanunuzi wa pamba wa Kihindi. Wakaona kinachofuata ni kugawiwa ardhi kwa wengine. TANU yenyewe ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954, kwa hiyo usidhani walipangiwa kila kitu kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1958 maelfu walivuka kwenda Mwanza kudai baraza liondolewe. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Baraza lenyewe halikudumu.

Je, ilikuwa chuki kwa wageni? Kwa baadhi, ndiyo, ilikuwemo. Kinyongo cha mizani hakikuwa cha kubuni. Lakini mwaka huo huo TANU ilikubali, huko Tabora, kuingia kwenye kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wapiga kura wakawapitisha Waasia na Wazungu waliosimama upande wa TANU. Mtu hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kiti kinachotolewa kwa rangi.

Jambo hilo lilirudi bungeni Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere aliwaka. Alisema wazi kwamba muswada ukikataliwa, serikali itajiuzulu. Muswada ukapita, uraia ukawa hauangalii rangi.

Baadaye tukaacha hata kuhesabiana: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kwa hiyo ukitaka kujua leo Wazinza wamebaki wangapi Geita, hutapata jedwali. Itabidi ushuke mwaloni usikilize.